Piano Nzuri Kuliko ya Barnaba

Newala, Alhamisi, mwezi wa saba. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne na nusu. Mikorosho ya jirani haikuonekana, ila bomba la kupulizia dawa ya salfa lilinguruma humo ndani tangu alfajiri, kama pikipiki isiyofika. Nimevaa sweta mbili. Nina wivu.

Nimeandika neno hilo mapema nisije nikalizunguka.

Ninayemwonea wivu ni Barnaba, mwalimu mstaafu kama mimi, mpiga kinanda wa Lulindi, rafiki yangu tangu tulipokuwa na miaka kumi na miwili. Wivu wenyewe ni wa zamani. Wiki hizi tatu umepata kazi ya kufanya.

Chanzo ni Mama Tumaini, katibu wa kwaya ya Lulindi. Jumamosi hii kwaya itarekodi nyimbo zake; fundi anakuja na vyombo vyake kutoka Masasi, naye atakaa siku moja tu. Katika nyimbo hizo umo wangu. Niliutunga palepale Lulindi nikiwa mwalimu kijana, kabla Serikali haijanihamishia Nachingwea, kisha Tunduru, kisha hapa. Ni wimbo wa mavuno, beti nne, na ndicho kitu pekee nilichokiacha kule ambacho bado kinatumika. Mama Tumaini alitaka piano irekodiwe mapema, iletwe kwa flashi, kwaya iimbe juu yake. Akaniomba mimi. Halafu, bila kuona ubaya wowote, akamwomba na Barnaba. Itakayofaa ndiyo itakayotumika.

Nataka iwe yangu. Sijataka kitu namna hii tangu nistaafu.

Mama Tumaini alipokuja Newala kwenye msiba aliniachia rekodi ya Barnaba, "ili Mwalimu upate mfano." Mfano! Nilisikiliza mara moja nikatangaza kwamba piano yake inalia kama bati. Mke wangu, ambaye alikuwa akichambua mbaazi, akaniuliza, "Sasa mbona unatabasamu, Baba Agnesi?"

Ndipo nikaanza kutafuta piano yangu.

Ujana wetu ulikuwa wa kukosa. Duka la ushirika likileta sabuni, mji mzima unajua. Uzee wetu ni wa kuchagua, na hatukufundishwa kuchagua. Maduka ya Masasi leo yana vinanda vya kila rangi, na ndani ya kompyuta kuna piano nyingi kuliko walizowahi kuziona maaskofu wote wa nchi hii.

Piano ya kompyuta ni piano ya kweli iliyonakiliwa. Mtu aliketi mbele ya piano halisi, akabonyeza kitufe kimoja taratibu, akakibonyeza kwa nguvu kiasi, akakibonyeza kwa nguvu zote, na kila mlio ukarekodiwa. Mimi nikigusa kibodi yangu ya muziki, kompyuta inanitolea ule mlio wa mkono wake. Zile za bei rahisi hurekodi kitufe kimoja kati ya vinne au vitano, kisha huuvuta mlio huo kuziba mapengo. Ndiyo maana juu zinalia kama kijiko kwenye bilauri, na katikati unausikia mshono.

Ya kwanza niliipakua bure kwenye duka la intaneti kule Mkomaindo, Masasi. Inajua kupiga kelele na inajua kunyamaza. Katikati ya hayo mawili haina kitu. Ya pili ilikuwa ya kujaribia. Ilikuwa na sauti ya kupendeza, ila kila baada ya dakika moja hutoa mchirizo kama mafuta yanayorukia moto, kukukumbusha kwamba hujalipa. Ya tatu nilipewa na mwalimu mwenzangu kwenye DVD nne. Kompyuta yangu iliibeba kama punda aliyepakiwa saruji: unabonyeza kitufe, unasubiri, piano inajibu wakati kidole kimeshahamia kwingine.

Ya nne ina piano moja tu, ya kawaida, ile ya kusimama ukutani. Ukibonyeza taratibu unasikia nyundo yake ikigusa waya, na ukiachia pedali inashusha pumzi. Bei yake haikuzidi gunia la korosho daraja la pili, lakini haiuzwi dukani. Inataka kadi ya benki kwenye mtandao. Binti yetu Agnesi aliilipia akiwa Dar es Salaam, akanitumia namba za kuifungulia. Nilizinakili kwenye daftari kwa wino.

Mtu yeyote angesema nimechagua vizuri. Nami nasema hivyo. Lakini nieleze pia jinsi nilivyochagua: kila piano niliyoijaribu, kwanza nilivaa hedifoni nikamsikiliza Barnaba. Nimemsikiliza mara nyingi kuliko mkewe. Najua kwamba kwenye ubeti wa tatu kidole chake kinateleza, na mara ya kwanza nilipokisikia kikiteleza nilifurahi kama mtu aliyeokota noti njiani.

Nilirekodi, nikapeleka flashi kwa basi. Nikasubiri kusifiwa.

Leo saa tano Mama Tumaini amepiga simu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za Lulindi?"

Akasema jana jioni walijaribu piano zote mbili kwenye mazoezi. "Yako, Mwalimu, inalia kama ya redioni. Wasichana wamefunga macho. Lakini tukifika mwisho wa mstari wa pili, unatuacha."

Sikuelewa. Nimepiga kama daftari linavyosema. Daftari ni langu na noti ni zangu. Akanieleza kwa upole, kama ninavyowaeleza wajukuu. Mwisho wa mstari wa pili kwaya husimama. Alikuwako Bibi Sabina, sauti ya kwanza, ambaye miaka yake ya mwisho pumzi ilikuwa ikimwishia hapo. Kwaya ikazoea kumsubiri avute nyingine. Bibi Sabina alifariki, kusubiri kukabaki. "Siku hizi hata watoto wanamsubiri," akasema Mama Tumaini, "na hawakumwona."

Na Barnaba?

"Ah, Mwalimu Barnaba anamsubiri vizuri."

Nilimkumbuka Bibi Sabina akiwa msichana mwenye pumzi za kutosha. Msiba wake niliusikia nikiwa Tunduru, siku nyingi baada ya arobaini yake. Wimbo wangu ulipata desturi, ukapata marehemu wake, na mimi sikuambiwa.

Nimejaribu kurekodi upya. Mara nne. Nimesubiri mapigo mawili, imekuwa fupi. Nimesubiri matatu, nikasikika kama mzee aliyesahau. Nikampigia tena Mama Tumaini aniimbie. Kila ubeti anasimama kwa kipimo kingine, na yeye mwenyewe hajui kwamba hakilingani. Jambo hilo haliandikiki. Inabidi uwe ulikaa nao.

Hapo ndipo wivu uliponishika shingoni.

Nilivuka Ruvuma kuja Lulindi wakati wa vita vya Msumbiji na mama mdogo, bila wazazi. Mama yake Barnaba alinipa nafasi kwenye mkeka wa wanawe. Padri alitufundisha sote wawili kinanda cha kukanyaga, na kila alasiri Barnaba alikwenda kwenye mazoezi akitoka nyumbani kwao. Mimi pia nilitoka nyumbani kwao Barnaba. Tangu siku hizo ananiita mkimbizi. Yeye Mmakua, mimi Mmakonde, tu watani, na utani una sheria: hukasiriki. Nimecheka miaka yote. Nilicheka hata siku ambazo neno lile lilinikuta nikiwa sina pa kulala penye jina langu.

Saa nane Barnaba akapiga mwenyewe.

"Mkimbizi! Nasikia umenunua sufuria la kifahari, mboga imekushinda."

Nikamwambia yake inalia kama korosho zinazodondokea paa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Basi nipe hiyo sauti niipige mimi. Na jua sikuombi, mtani haombi. Nakuarifu."

Nikamwambia haiwezekani. Leseni inaruhusu kompyuta moja tu.

Ni kweli. Nilikuwa nimeisoma leseni yote, kurasa kumi na moja. Lakini nisifiche: nilifurahi kwamba ni kweli. Niliitamka kama mtu anayefunga komeo, na ningeitamka hata kama isingekuwa kweli.

"Haya," akasema Barnaba. "Leseni ikuimbie."

Simu ikakatika. Sikujua kama alikata akicheka.

Nimekaa na kompyuta iliyowashwa, na piano niliyoitafuta wiki tatu imo ndani haina la kufanya. Mke wangu alipita akaniangalia. "Ulitaka piano," akasema, "au ulitaka Barnaba asiwe na piano?" Nikamwambia mbaazi zinaungua. Zilikuwa haziungui.

Wimbo utarekodiwa Jumamosi kwa piano ya bati, yenye kidole kinachoteleza kwenye ubeti wa tatu, na utabaki hivyo hata sote tukishakufa. Au utarekodiwa kwa piano yangu, na kwaya ikimbizane nayo kama watu waliochelewa basi, Bibi Sabina aachwe nyuma. Nilijaribu kupendelea hilo la pili. Kwa robo saa nzima nilijaribu.

Kisha nikaifungua tena leseni. Inataja kompyuta. Haitaji mikono.

Nimempigia Mama Tumaini saa kumi, ujasiri usije ukaniishia. Jumamosi nitashuka Lulindi kwa basi la kwanza na kompyuta yangu mapajani na kibodi ndani ya blanketi. Barnaba atakaa kibodini, akiitazama kwaya, na watarekodi pamoja, yeye akiwasubiri wanaposimama. Nimemsihi asimwambie mapema, maana akipewa siku mbili atanitungia matusi ya kunitosha mpaka kaburini.

"Na wewe, Mwalimu, utafanya nini?" akaniuliza.

Nikasema nitaiangalia kompyuta isizime. Akacheka, kisha akaniomba ahadi: wimbo ukianza nisiseme neno, kwa sababu vinasa sauti vitakuwa vimewashwa.

Nimeahidi. Sauti niliitafuta mimi, wimbo niliutunga mimi, na mikono itakuwa yake, mbele ya watu wote. Mwisho wa mstari wa pili Barnaba atainua vidole na kanisa zima litasimama kumngoja bibi mmoja. Mimi pekee sitajua tunangoja mpaka lini. Je, nitaweza kunyamaza, au nitaanza kuhesabu kwa sauti?