Mikono ya Mama

Jumatatu, 6 Novemba

Zamu ya kunipiga mgongo sasa ni ya kwaya nzima! Mama aliwaalika kanisani jana, bila kuniuliza. Kijiji chote cha Ngungu kinajua kwamba mimi, Gaëlle, nina mukovisidozi, ugonjwa wa kuzaliwa nao, wa makohozi mazito yanayoziba mapafu. Tangu nina miaka minne Mama ananigonga mgongoni asubuhi na jioni ili makohozi yatoke, viganja amevikunja kama Dokta Émile wa Goma alivyomfundisha. Sawa, bila yeye ningekuwa nimeshazikwa. Lakini kwaya? Mama Estelle, kiongozi wao, anagonga kwa mdundo wa wimbo. Wanaimba kwa sauti tatu! Nilicheka, nikakohoa, nikakasirika kwa kuwa nilicheka.

Jumatano, 8 Novemba

Damu. Kijiko kimoja hivi. Nilificha kitambaa, Mama akakipata — nani amewahi kumficha kitu? Eti njo uchafu inatoka, ndio uchafu wenyewe, tuongeze kugonga. Akaongeza kweli! Mara tano leo. Nikasema tumuulize dokta kwanza. Eti ninakuwa muvivu. Mvivu! Mimi ndiye ninayepigwa.

Alhamisi, 9 Novemba

Nusu kikombe, nyekundu, yenye povu.

Kaka Straton alipanda kilimani kutafuta rezo ya simu, akarudi na maneno ya dokta: mtu asiguse mgongo wa Gaëlle tena, kugonga kunazidisha damu. Alalie upande wa pafu linalokoroma, damu isiingie la pili. Aletwe Goma haraka.

Mama alitaka arudiwe maneno hayo mara tatu.

"Nani asimuguse?"

"Watu wote, Mama."

"Ata mimi?"

"Ata weye."

Akaketi chini, palepale mlangoni. Maneno makali nilikuwa nayo tangu jana, nimeyapanga vizuri. Sikuyasema. Nimebaki na hasira na sijui niipeleke wapi.

Ijumaa, 10 Novemba, asubuhi

Mvua imekata barabara. Pikipiki ya Ngabo, wa kunipeleka Goma, iko ng'ambo ya tope, eti anakuja. Tangu alfajiri anakuja!

Nimelala upande wa kulia, ndio unaokoroma, herufi zinaanguka. Naogopa. Kwaya imesimama uani, haijui ifanye nini, kwa hiyo inaimba. Mama ameikalia mikono yake. Kweli — ameikalia, yote miwili.

Inanichosha kumtazama. Nimemwambia, weka mkono tu, Mama, usipige. Ameuweka mgongoni. Una joto. Nikafumba macho kidogo.

Vidole vikaanza. Polepole, kwa mdundo uleule wa miaka kumi na tano.

"Mama!"

"Njo mukono yenyewe inapiga, mwanangu, haiko miye." Analia.

Nilimwambia auondoe. Akauondoa haraka, na sasa mgongo wangu una baridi, na hilo pia linaniudhi. Nimeurudisha mwenyewe mkono wake, nimeubana chini ya kwapa langu usicheze. Naandika kwa mkono mmoja.

Injini inasikika. Au ni mvua tu. Kooni joto la damu linapanda tena — Straton, kikombe, le—