Sanduku la Mbao na Mashine ya Ng'ambo

Mama Neema,

Huku kwenu Maji ya Chai wote wazima, wanakusalimu. Kaka yako, mtu wa soko huria, kanunua mashine ya ng'ambo ya kufunga majani makavu. Ikafunga marobota matatu, ikanyamaza. Kipuri kiko hukohuko ng'ambo, na wingu lilishashuka kutoka Meru, chakula cha ng'ombe cha kiangazi kizima kingali shambani. Akatoa sanduku la mbao la marehemu baba yenu, lile la kushindilia majani kwa miguu. Nikauliza nani atakanyaga. Wote wakanitazama tumbo.

"Panda, shemeji," akasema kaka yako. "Mzito ni wewe."

Tulimaliza kabla ya mvua. Kitambi ulichoapa kukiondoa, jioni walikiombea baraka mezani. Miguu inauma, ila nimekukumbuka zaidi. Usinipunguzie ugali.

Baba Neema