Sakafu Niliyoizuia Kupimwa

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana ya seremala.
14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hamjambo huko, wewe na shemeji na Kibonge wenu? Kifua chako kimetulia, au bado unakohoa ukifua nguo? Sisi tunapumua. Macho ya Baba yamezidi kufifia, ila masikio, loo, anasikia hata lile unalotaka kumficha.

Dada, nimeharibu. Nakuambia wewe kwanza, maana ndiye uliyenifuta machozi tangu utotoni.

Unaikumbuka ile sakafu ya ghorofa ya pili, ya stoo ya mafaili yenye makabati ya magurudumu? Tuliimwagia zege wiki tano zilizopita, nikailainisha kwa mikono yangu hii. Kesho yake mpima akapiga simu aje na mashine yake, kwa sababu sakafu ya juu hupimwa nguzo za muda zingali zimeishika kwa chini. Nikamjibu, "Pumzika bwana, mimi ndiye Pimamaji." Jina la kile kifaa cha kupimia usawa, alilonipa Baba siku nilipomaliza sakafu yangu ya kwanza! Kweli mdomo huponza kichwa.

Baadaye nikatoa nguzo, zilihitajika ghorofa ya juu. Zege likalegea kidogo, kama linavyolegea lolote. Ndipo mpima akaja. Akalaza rula ndefu, hata karatasi haikupenya chini yake. Nikaanza kutamba. Lakini rula huona hapo ilipolala tu; mashine, inayolinganisha sakafu nzima, ikasema katikati pamezama milimita ishirini na nane, na mwisho wa ruhusa ni kumi na tano. Makabati yangejiendea yenyewe.

Je, niliimwaga vibaya, au ilizama nguzo zilipotoka? Hakuna ajuaye, kipimo cha mwanzo hakipo. Basi kosa ni langu. Kuongeza tabaka juu haiwezekani, uzito utazidi. Jumatatu inavunjwa, na nimeambiwa nisishike hata mwiko. Fundi wa sakafu iliyovunjwa nani atamwita tena?

Kibaya zaidi, nilimdanganya Baba kuwa mashine ndiyo mbovu. Mzee akawaka kwa niaba yangu, akataka apelekwe kwenye jengo. Unamjua, akishaamua basi. Tulipanda ngazi nimemshika kiwiko. Akachuchumaa, akaipapasa sakafu kwa kiganja, akacheka: "Huyu ni mwanangu!" Kisha akaomba kikombe cha maji, akayamwaga mbele ya miguu yake.

"Yameenda wapi?" akaniuliza.

Yalikuwa yanateremkia katikati. Baba akayafuata kwa kiganja, akaelewa.

"Mlipima kabla ya kutoa nguzo?"

Nikasema hapana. Akanyoosha mkono nimrudishe nyumbani.

Usiniandikie kuwa subira yavuta heri, Dada. Subira ninayo, heri ndiyo siioni. Asubuhi naamka, navaa nguo za kazi, halafu nakaa kitandani nazitazama.

Nisalimie shemeji, mbusu Kibonge mashavu yote mawili, na shangazi mwambie dawa ya miguu yake imepatikana. Mola awafunike kwa mbawa zake, asiwaonjeshe haya.

Na ukimpigia Baba, usiniite Pimamaji. Tangu tushuke zile ngazi ananiita kwa jina nililozaliwa nalo, na analitamka polepole, kama la mgeni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye.