Gyu-tae Mbele ya Kamera

Mokpo,
2 Desemba 2023.

Mpendwa Yeon-hui,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Toronto, wewe na wanao, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila magoti yananitangazia mvua kila siku. Kabichi za kuchachusha za mwaka huu tumeshazitia pilipili na kuzijaza mitungini, na mtungi wako nimeutenga kana kwamba utakuja.

Uliniuliza kama utie sahihi ili jengo la duka la dawa la marehemu baba yako liwe la kaka yako Gyu-tae peke yake. Ngoja kwanza nikueleze habari ya kamera.

Walikuja dukani watafiti wa chuo kikuu. Njia yao ni hii: wafanyakazi wenyewe hushika kamera, hurekodi kazi ya kila siku vile ilivyo, kisha wote huketi kujitazama na kusema wanachokiona. Kazi uliyoizoea huioni mpaka uitazame ukiwa umekaa pembeni.

Gyu-tae, kwa akili zake, alidhani ni tangazo la biashara. Alinunua koti jeupe jipya, akapaka nywele mafuta zikang'aa kama sahani, akawa anamfokea mfamasia mwenzake Suk-ja: "Dada, kamera huku! Huu ndio upande wangu mzuri." Mtu wa miaka hamsini!

Waliponialika kutazama, akaonekana Bibi Ok-bun, muuza pweza, anachukua dawa yake ya presha. Anaonyesha miguu: "Mwanangu, tangu nianze hizi, viatu havinienei."

Unajua desturi yetu ya kumpa mteja kichupa cha vitamini. Ukishapewa, adabu ni kushukuru, kunywa na kuondoka. Gyu-tae hata hakutazama chini. Alimtia bibi kichupa mkononi, akainama kumuaga. Bibi akashukuru, akanywa, akaondoka. Akaja mwingine na swali lake, naye akapewa kichupa.

Suk-ja alishika mdomo. "Jamani, tunawafukuza kwa vichupa! Na mimi ndivyo nifanyavyo."

Gyu-tae akacheka. "Shangazi, umeona koti lilivyonikaa? Hapo kwa bibi wakate, panachosha."

Suk-ja alimpigia bibi simu papo hapo, akampeleka kwa daktari. Dawa imebadilishwa, uvimbe unapungua. Sasa Suk-ja huuliza kwanza, "Kuna kinachokusumbua?" Husubiri jibu, ndipo atoe kichupa. Kaka yako anamwita mpoteza muda.

Mwanangu, usitie sahihi. Jengo libaki lenu nyote wawili, na duka tumpangishie Suk-ja aliendeshe. Gyu-tae atakutumia filamu akushawishi, ameikatakata mwenyewe. Itazame yote. Koti utaliona, na nywele, na vichupa vilivyopangwa vizuri. Mgonjwa hutamwona hata mmoja.

Nisalimie mumeo Dae-won, na mwanao Ha-ram mwambie mimi bibi yake namngoja. Mume wangu Chil-seong anawasalimu nyote. Mbingu ziwatunze katika baridi hiyo.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni mwangu,
Pil-nyeo