Kaseti Mbili za Brandon

Winkler, Manitoba
9 Januari 2012

Bwana Aurèle,

Salamu. Natumaini wewe na dada yangu Leona mmeuanza mwaka mkiwa wazima. Huku baridi imekaza. Leo asubuhi gari lilikataa kuwaka mpaka nikalibembeleza kama mgonjwa. Mimi sijambo, ila magoti.

Nakuandikia kwa jambo moja tu. Tangu nistaafu ufundi wa redio nimekuwa nikisafisha kwa kompyuta kaseti tulizorekodi mwaka 1976, ile ziara ya bendi ya Saltgrass, miji mitano kuanzia Winnipeg hadi Calgary. Nimeondoa mvumo, nimepunguza kelele za viti, na fidla ya Ardith Nygaard sasa inasikika kama yumo chumbani. Lakini kila kaseti inafika mahali inakatika, kwa kuwa ilinibidi niigeuze upande wa pili. Wewe ulikuwa umekaa kwingine ukumbini na rekoda yako, ukageuza kwa wakati wako. Nikipata kaseti zako nitaziba mapengo, mbili ziwe moja.

Si kwa ajili ya kuuza. Naomba hilo lieleweke. Na siandiki ili kufukua yale ya 1979. Nikimaliza nitakurudishia zote kwa posta.

Msalimie Leona.

Delmar Wiebe


Nelson, British Columbia
2 Februari 2012

Shemeji Delmar,

Ati "Bwana Aurèle"! Kwani umeniandikia kunidai ushuru? Nilimwoa dada yako kanisani mbele ya macho yako, na pete ulikuwa nayo wewe mfukoni. Mimi ni shemeji yako upende usipende.

Sisi wazima, tunashukuru. Leona amewekewa nyonga mpya na sasa ananiacha nyuma kwenye kila mlima, na hapa Nelson milima ndiyo barabara zenyewe. Pole kwa magoti.

Barua yako niliisomea mlangoni, koti sijavua. Miaka thelathini na mitatu! Kila Krismasi kadi yako inakuja na jina la Leona peke yake, kana kwamba anaishi na paka. Nilianza kudhani umesahau jinsi jina langu linavyoandikwa.

Kaseti zipo. Leona amezikuta chini ya mapambo ya Krismasi. Alipoziona akacheka peke yake, akanikumbusha alivyopita langoni Regina na mkono umefungwa bandeji, mkono mzima kabisa, rekoda yangu imelala ndani, na mlinzi akamfungulia mlango akimpa pole.

Nakutumia ya Brandon peke yake. Zile nne zinangoja, maana nina ombi. Ile santuri ya onyesho la Brandon iliyotolewa kwa wizi 1979, ile uliyonitupia mezani mbele ya mama yako ukasema nimeuza kazi yetu, bado unayo? Isikilize. Sisemi zaidi.

Shemeji yako,
Aurèle


Winkler
27 Februari 2012

Shemeji,

Haya, umeshinda. Salamu kwako na kwa Leona, na hongera kwa nyonga. Mimi mzima.

Kaseti imefika salama ndani ya soksi. Soksi nitairudisha. Nimeifanyia kazi siku tisa. Betri zako zilikuwa zimepoa kwa baridi, kanda ikawa inazunguka polepole, kwa hiyo ukiicheza leo kwa kasi ya kawaida, kiongozi wa bendi Dunc Mawhinney anaimba kama mwanambuzi. Nimeinyoosha kidogo kidogo mpaka ikaenda sawa na yangu, pumzi kwa pumzi. Halafu pale yangu inapokatika, nikaingiza yako.

Shemeji, sikujua pale pana nini. Unakumbuka kaseti yangu ilikwama Brandon? Nilikuwa nimeinama chini ya kiti naichokonoa kwa kalamu. Kumbe baada ya Dunc kukatikiwa na uzi wa gitaa, Ardith alisogea mbele akapiga fidla peke yake dakika tatu nzima ili watu wasichoke. Akili yangu yote ilikuwa kwenye kaseti; sikusikia hata kidogo. Sasa nina miaka sitini, nimekaa jikoni kwangu na kikombe cha kahawa, nikasikia wimbo uliopigwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Asante. Neno ni dogo ila ndilo nililo nalo.

Kuna mtu karibu na maikrofoni yako anapiga ukelele kwa Kifaransa, "Tena, mrembo!" Nimfute?

Kuhusu santuri, ninayo. Sijawahi kuicheza. Niliiona dirishani dukani, nikasoma nyuma: Brandon, tarehe ile ile. Kaseti za onyesho lile zilikuwa mbili tu duniani, na yangu sikuiuza. Ilinitosha. Na unajua yaliyofuata. Dunc mwenyewe alikuwa akituacha turekodi, hata pale walinzi wa kumbi walipokataza, kwa sharti kwamba kisiuzwe kitu. Baada ya hapo akapiga marufuku rekoda kwenye kumbi zake mpaka anakufa. Niliona aibu kama vile nimeiba mimi.

Lakini umeniomba. Nitaisikiliza.

Shemeji yako,
Delmar


Nelson
30 Aprili 2012

Shemeji Delmar,

Hujambo? Kimya chako kimezidi. Leona amekupigia simu mara nne, mwishowe akampigia jirani yako, ambaye anasema anakuona kila siku ukikwangua barafu kwenye ngazi. Basi uko hai na mikono inafanya kazi. Kalamu ni nyepesi kuliko koleo.

Huku theluji imeyeyuka na dada yako ameshaanza kugombana na kulungu juu ya bustani yake.

Yule wa ukelele usimfute. Ni mimi, na Leona alikuwa amekaa pembeni yangu. Alinikanyaga mguu; sikiliza vizuri, utasikia namna ninavyonyamaza ghafla.

Kama umeisikiliza ile santuri, sema. Kama umeshindwa, sema pia. Sina nafasi ya kukaa kimya miaka mingine thelathini. Kaseti nne ziko hapa mezani na naziangalia kila ninapokula.

Shemeji yako,
Aurèle


Winkler
6 Juni 2012

Shemeji Aurèle,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Mimi ni mzima wa mwili.

Niliisikiliza tarehe mbili Machi. Barua hii nimeianza mara nyingi tangu siku ile, nikachana.

Upande wa pili wa santuri, Dunc anakatikiwa na uzi, watu wanacheka, Ardith anapiga noti sita za kwanza, kisha kimya, na wimbo mwingine umeshaanza katikati. Noti sita. Ndizo zilizomo kwenye kaseti yangu, si zaidi, maana hapo ndipo ilipokwama. Kwenye yako wimbo wa Ardith upo wote. Aliyetengeneza ile santuri angekuwa na kaseti yako asingeziacha dakika zile. Alitumia yangu.

Nilikaa siku nyingi nikijiuliza ilitokaje mikononi mwangu. Halafu nikakumbuka, na kukumbuka kwenyewe kuliniumiza. Mwaka 1978, Ijumaa moja, nilimwazima kaseti hiyo Gil Toews, fundi mwenzangu dukani, aliyekuwa akiipenda sana bendi. Akanirudishia Jumatatu. Kitu kidogo namna hiyo; sikukiweka akilini. Gil alikufa zamani. Sijui kama aliuza yeye au naye alimwazima mtu. Siwezi kumuuliza na sitamtupia lawama maiti, maana nimeshaona lawama inavyofanya kazi.

Nilikuita mwizi nyumbani kwa mama yangu. Mama alikufa akiamini hivyo. Nilikataa kuja kwenye ubatizo wa watoto wako wote wawili. Nimemnyima dada yangu kaka yake. Na ushahidi ulikuwa kabatini kwangu muda wote, nikawa na hasira mno kuusikiliza.

Nisamehe, shemeji. Kaseti yako ya Brandon nakurudishia ndani ya bahasha hii. Hizo nne usipotaka kuzileta nitaelewa.

Delmar


Nelson
19 Juni 2012

Shemeji yangu Delmar,

Salamu nyingi sana. Barua yako imefika, na nimeshindwa kuikalia hata siku moja.

Sasa na mimi nisikilize, maana mkosaji si wewe peke yako. Mimi nilinunua nakala yangu ya santuri ile wiki ile ile uliyonitupia ya kwako. Niliicheza siku hiyo hiyo nikasikia noti sita na pengo. Nilijua tangu 1979 kwamba imetoka kwenye kaseti yako. Na unadhani niliwaza nini? Niliwaza umeiuza wewe, kisha ukaogopa, ukanisingizia mimi ili Dunc na jamaa zenu wasikushuku. Nikasema moyoni, mtu wa namna hiyo simfuati. Sikuwahi kumwambia Leona, nisije nikamfanya achague. Nilijiona mwungwana kwa kunyamaza. Kumbe ningefungua mdomo siku ile mezani, nikasema "Delmar, hebu tuicheze," tungeshajua kabla chai haijapoa. Hata hii mara ya kwanza ulipoandika, nilikuambia uisikilize kwa sababu nilitaka kukubana, si kukusaidia. Kwa hiyo nami nisamehe.

Jana nimemsomea Leona barua zako zote. Alikuwa anamenya viazi. Nilipomaliza akaweka kisu chini, akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikiwaombea nyinyi wawili kwa zamu, mmoja Jumapili hii, mwingine ijayo, kwa sababu sikuweza kuwataja pamoja bila kukasirika." Akatoka kwenda bustanini. Aliporudi macho mekundu, akauliza kama basi bado linatoka Winnipeg mpaka huku.

Kaseti nne zimo humu, kila moja na soksi yake. Ile ya Calgary ina maji ya theluji, ihurumie. Na Sikukuu ya Shukrani, Oktoba, unakuja. Hatukuulizi.

Shemeji yako, na ndugu yako,
Aurèle


Winkler
15 Oktoba 2012

Wapendwa Aurèle na Leona,

Nimefika salama. Basi lilichelewa Medicine Hat kwa sababu ya upepo, lakini nilikuwa na nyama ya bata mzinga aliyonifungia Leona, na mwanamke wa kiti cha pili akanisaidia kuimaliza.

Sijui niwashukuruje kwa siku zile kumi. Mmenipa kitanda cha karibu na jiko la kuni, mmenionyesha wajukuu ambao nilikuwa nawajua kwa picha tu, na Aurèle, uliposhika fidla ukanionyesha kwamba kaseti ya Saskatoon bado iko juu nusu sauti, ulikuwa sahihi. Nimeirekebisha jana. Sasa maonyesho yote matano yamekamilika, hayana pengo hata moja. Lakini ninachokumbuka zaidi ni ule mchana wa Jumatatu, sahani bado mezani, tulipoicheza Brandon sisi watatu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Nilikuta barua kwenye sanduku. Mnajua nilimwandikia Ardith Nygaard mwezi wa Agosti, nikamtumia Brandon, nikamweleza habari yote bila kujificha, nikamwomba ruhusa tuwagawie watu bure. Amejibu. Anaishi Camrose, ana miaka sabini na tisa. Ruhusa ametoa. Anasema wimbo ule aliutunga papo hapo jukwaani, kwa hofu tu, uzi ulipokatika, na walipofika hotelini ulikuwa umeshamtoka kichwani. Aliutafuta miaka mingi kisha akakata tamaa. Sasa ameujifunza upya kutoka kwenye kaseti ya Aurèle, wiki tatu, kwa sababu vidole vimekuwa vigumu, na Septemba akaupiga kwenye harusi ya mjukuu wake. Watu wakamuuliza ni wa nani. Akasema ni wake, ila kuna watu waliomtunzia.

Niliisoma nikiwa nimesimama nje, na mkoba begani. Sikufichi, shemeji, nililia, na mtu wa posta aliniona.

Nimeiweka ndani ya bahasha hii barua yenyewe. Someni wote wawili. Kisha naomba mnirudishie upesi, maana bado sijaisoma vya kutosha.

Kaka na shemeji yenu,
Delmar