Shimali ya Bibi

Jumatatu, 3 Novemba

Skuli, sala, chakula, kisha dira. Kila alasiri hivyo hivyo. Naiweka dira juu ya ramani, naigeuza ramani mpaka mstari wake ulingane na sindano, halafu natembea kutoka mlangoni petu mpaka ukuta wa shamba la mitende. Leo nimemkanyaga paka wa jirani.

Jumamosi ni mtihani wa walimu wa mbio za ramani, zile za kutafuta vibendera kwa ramani na dira, daraja la kwanza. Mwalimu wa daraja la kwanza anasaidia watoto wanaoanza. Wa pili anafundisha peke yake. Wa tatu anafundisha walimu wengine, kama Ustadha Zuwena anayekuja hapa Ibra kutoka Nizwa kutupima. Nataka kufika huko siku moja. Sijamwambia mtu.

Bibi ndiye anayenizoesha. Anakaa kizingitini na kahawa yake, anauliza, "Shimali wapi?" Nageuka kaskazini. Kwao Unguja walisema shimali, na yeye bado anasema hivyo. Mwanzoni nilipokosea aliniambia, "Hapo umefika jikoni."

Alhamisi, 6 Novemba

Ustadha ametutumia masharti. Mwalimu haonyeshi kwa kidole. Anamwelekeza mtoto mara moja tu, kwa maneno machache, kisha anamwacha aende. Mtoto akipotea, kosa ni la mwalimu.

Naogopa Kiarabu changu. Nimezaliwa hapa Oman, Baba kazaliwa hapa, na bado kuna wasichana wanaonisikiliza kama wanangoja niteleze.

Bibi anataka kuja Jumamosi. Atapika mkate wa kumimina kwa ajili ya watoto. Nilitaka kumwambia asije. Nikamwambia karibu. Tangu hapo najiona mbaya, ingawa sijasema kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilipewa Raya. Ana miaka tisa, mdogo kuliko wote, na viatu vipya. Tulisimama kwenye kisima cha zamani. Kibendera chake cha kwanza kilikuwa upande wa kaskazini, chini ya mnara. Ilinipasa kumwambia kwa Kiarabu aelekee shamal. Nikasema shimal.

Shamal ni kaskazini. Shimal ni kushoto. Herufi ni zile zile, zinatofautiana kwa a na i tu. Nimejua hivyo tangu darasa la kwanza.

Raya alikuwa ameelekea magharibi. Akageuka kushoto kama mtoto mtiifu, akaenda kusini, akatoka nje ya ramani. Nilimwona anakwenda. Nilidhani atajirekebisha. Kisha nikawa simwoni.

Tulimtafuta wote. Ustadha ndiye aliyempata, nyuma ya ukuta wa shamba, kakaa kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, miguu majini. Hakuwa akilia tena. Uso ulikuwa umevimba.

Ustadha akaniuliza mbele ya wote nilimwambia nini. Nikajibu. Wasichana wakaguna. Hapo ningepaswa kunyamaza. Badala yake nikasema, "Ni bibi yangu. Watu wa kwao hawakujua Kiarabu sawasawa, wanasema shimali. Ameniharibu."

Wakacheka. Maryam, tunayesoma naye, akasema, "Kwa hiyo bibi yako akitaka kwenda Maskati, anafika Masira, kule kusini?" Wakacheka zaidi. Na mimi nikacheka.

Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu na sinia la mkate.

Bibi ameishi Oman tangu akiwa msichana. Hakuna neno la Kiarabu linalompita. Aliliweka sinia chini, akawakatia watoto mkate, Raya wa kwanza. Akampa kipande cha pembeni, kile ambacho siku zote ni changu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimemwamkia, "Shikamoo Bibi." Amejibu kwa Kiarabu. Kuhusu chai, Kiarabu. Kuhusu nguo za kuanua, Kiarabu. Kiarabu kizuri, cha polepole, kama anachozungumza na daktari.

Baba ameuliza leo kuna mgeni gani ndani.

Alasiri nilisimama mlangoni na dira. Kizingiti kitupu.

Jumanne, 11 Novemba

Sikufeli. Ustadha amesema nirudie Jumamosi hii, kwa watoto wale wale, kwa sababu tatizo lilikuwa la lugha ya nyumbani. Amenihurumia. Amenihurumia kwa jambo lisilo kweli. Bibi aliniuliza shimali nami nikageuka kaskazini kila siku bila kukosea. Hofu ndiyo iliyonipotosha. Nilitafuta wa kumbebesha, nikamkuta aliye karibu.

Mama yake Raya anasema mtoto hataki tena ramani.

Aibu hii ina uzito.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwomba Bibi radhi jikoni. Nilitayarisha maneno mengi, yakatoka machache. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna. Akasema, "Nimesikia." Kwa Kiswahili. Halafu akasema nimteremshie sufuria.

Sijui kama nimesamehewa. Kusikia si kusamehe. Lakini nilipoteremsha sufuria alisema, "Taratibu, mwanangu."

Naandika haya kwa Kiswahili alichonifundisha yeye. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka sasa.

Jumamosi, 15 Novemba

Bibi hakuja. Alisema magoti. Sikumbembeleza, sikuwa na haki hiyo.

Raya alikuja, kashikilia abaya ya mama yake. Kabla ya kuanza niliwaambia wasichana wote kwamba neno lilikuwa la bibi yangu na kosa lilikuwa langu. Maryam akaangalia viatu vyake.

Kisha niliwaambia watoto kwamba leo hatutasema shamal. Tutatumia neno jingine, la Kiswahili, lisilofanana na kushoto wala na kitu chochote. Kaskazini. Ustadha aliinua nyusi, hakunikataza. Watoto walilipenda. Walilirudia kama jina la peremende. Mmoja alisema kazikazini, wakamcheka, akalisema tena.

Raya alikwenda wa mwisho. Pale kisimani alisimama muda mrefu. Mikono yangu niliificha mfukoni nisije nikaonyesha. Akaigeuza ramani. Midomo yake ikacheza, "Kaskazini." Akakimbia kuelekea mnara.

Nimepita. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Bibi, la Raya kwanza. Alisikiliza. Aliuliza yule mtoto aliyesema kazikazini ni wa nani. Hakusema hongera.

Baadaye nilitoka na dira, kwa mazoea tu. Nikaweka ramani sawa. Nyuma yangu nikasikia kikombe kikitua kizingitini.

"Shimali wapi?"

Nikageuka.