Baiskeli Niliyoipitisha

Jumatatu, 3 Machi

Daktari leo hakuzungusha maneno. Moyo umechoka, Mzee, akasema, sasa tuhesabu wiki. Binti yangu akageukia dirisha. Mimi nikauliza kama chumvi naruhusiwa. Hapana. Hata hilo!

Daftari hili amelinunua binti yangu ili niandike saa za dawa. Ukurasa mmoja wa dawa unatosha. Zilizobaki ni zangu. Nitaandika humo nisichoweza kumwambia mtu.

Alasiri alikuja Chiriku. Ni mjukuu wa mdogo wangu, kwa hiyo ni wangu pia, na jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake haujui kupumzika. Ana miaka ishirini na miwili. Anataka baiskeli ya mbio ya kaboni. Mchujo wa klabu ni Jumapili ya tarehe 23 — wanne wa kwanza wanaingia kwenye timu, waliobaki wanarudi nyumbani kupiga makofi. Ile aliyoazimwa amepewa mwingine. Ana akiba yake. Si ya baiskeli ya mabingwa, si ya takataka pia. Ya katikati.

— Babu, wewe ndiye Sikio. Usipoipitisha wewe, sinunui.

Sikio! Miaka thelathini na minne kwenye karakana ya reli nilipita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, nikigonga magurudumu na kusikiliza ufa. Nina stashahada ya uhandisi. Niliandika kitabu cha mwongozo wa wakaguzi. Yote hayo watu wameyasahau. Limebaki sikio.

Alhamisi, 6 Machi

Chiriku ametandaza karatasi tatu kitandani, katikati ya vidonge vyangu.

Ya kwanza: mpya, fremu ya kaboni, lakini vifaa vilivyoning'inizwa juu yake ni vya bei rahisi. Magurudumu mazito, breki za kuvuta waya. Ya pili: mpya, fremu ya alumini, uma tu, ule unaoshika gurudumu la mbele, ndio wa kaboni, gia na breki nzuri. Ya tatu: kaboni ya daraja la juu, imetumika misimu miwili. Breki za diski za mafuta, gia za umeme, magurudumu mepesi yenye ringi nene za kukata upepo. Bei zinakaribiana.

Macho yake yalikuwa kwenye ya tatu. Angejaribu kunidanganya, asingeweza.

Nilimweleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanagenzi. Adui ni upepo, na upepo unakupiga wewe kabla ya baiskeli. Kwanza kipimo cha fremu kikukae, ili uweze kuinama kwa saa tatu bila mgongo kulia. Kisha magurudumu na matairi — milimita ishirini na nane au thelathini, hizi habari za tairi jembamba kama kamba zilishapitwa. Uzito uje mwisho.

— Nusu kilo utaipunguza kwa kuacha soda.
— Sinywi soda, Babu.
— Basi punguza maneno. Hayo ni mazito zaidi.

Alicheka hadi binti yangu akaja kuchungulia.

Nilitaka achukue ya alumini. Nilimwambia wazi: alumini ikipigwa inabonyea, unaona kwa macho. Kaboni inaweza kuvunjika ndani, nyuzi zikaachana, na rangi ya juu iking'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ya kutumika hujui imepigwa wapi.

— Ndiyo maana tuna wewe, akasema.

Nikasema basi, Jumamosi twende dukani.

Jumamosi, 8 Machi

Dukani. Nimechoka, lakini niandike.

Walinikalisha kwenye kiti katikati ya duka, watu wakasimama kunizunguka. Harufu ya mpira mpya na grisi — niliipenda, sikatai. Muuzaji ni kijana mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Haijawahi kuanguka, Mzee, aliyekuwa nayo aliitunza kama yai, Mzee, angalia mwenyewe, Mzee.

Niliangalia. Mikono bado inajua kazi. Nilipapasa chini ya ekseli ya pedali, kichwani pa fremu, mahali uma unapoingia. Kwenye bomba la chini, upande wa kushoto, kidole kilikwama kwenye mkwaruzo. Urefu wa punje ya mchele. Jiwe tu, akasema muuzaji. Labda ni jiwe.

Nikaomba sarafu. Ndivyo kaboni inavyopimwa: unagonga polepole, kidole kwa kidole, na unasikiliza. Penye uzima mlio ni mkali na mfupi. Penye ufa mlio unakufa.

Duka zima likanyamaza. Hata fundi aliyekuwa akisuka gurudumu kule nyuma aliacha spoki. Nikagonga bomba la juu. La chini. Kwenye mkwaruzo mara sita, saba. Chiriku alikuwa ameuma mdomo wake.

Nikainua kichwa.

— Inaimba, nikasema. Nzima. Chukua.

Wakapiga makofi! Muuzaji akaongeza chupa mbili na pampu. Chiriku akanibusu kwenye paji la uso.

Jumapili, 9 Machi

Sikusikia kitu.

Toka bomba la kwanza hadi la mwisho. Niliona sarafu ikipanda na kushuka, basi. Nilijaribu kwanza ile mpya iliyokuwa kando, ili nilinganishe. Kimya vilevile. Ningegonga kwa kifungo cha shati, yangekuwa yaleyale.

Sauti za watu nazisikia, nzito, kama zimefunikwa blanketi. Ila milio myembamba imekwenda. Ndege walinyamaza mwaka juzi. Kengele ya mlango ikafuata. Sikumwambia mtu. Nimekuwa nikitikisa kichwa na kutabasamu, na wote wanasema Mzee amekuwa mpole.

Mbele ya watu ishirini niliona heri nimuuzie mtoto kifo kuliko kusema masikio yamekufa. Ndivyo nilivyo. Ndivyo nilivyokuwa tangu zamani.

Jumanne, 11 Machi

Jumanne ni siku ya mdogo wangu. Alikuja na machungwa yake, akakaa kwenye kiti kando ya kabati, mguu wa kulia umenyooka mbele yake kama ubao. Goti lile halijakunjwa kwa miaka hamsini na mmoja.

— Kaka, umempatia mtoto mashine! Sisi tulikuwa tunapanda vyuma vya dirisha.

Akamgeukia binti yangu, na mimi nikajua kinachofuata. Baba yako huyu alinibeba mgongoni. Kilomita mbili, juani, mimi navuja damu! Asingekuwa Kaka, nyinyi mngekuwa mnaliangalia kaburi. Binti yangu amesikia mara mia. Huitikia kwa adabu kila mara. Mimi huangalia machungwa.

Ameondoka. Sasa niandike, la sivyo sitaandika kamwe.

Yeye alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mimi ishirini na saba. Timu ya baiskeli ya reli ilibakiwa na nafasi moja kwa mashindano makubwa ya mwaka ule. Tulishindanishwa mara tatu. Mara tatu akanipita, tena akipiga mluzi! Nikawekwa akiba. Kazi yangu: kusimama chini ya mteremko na chupa za maji.

Asubuhi ya mbio akaniletea baiskeli. Kaka, nigongee uma, jana niliingia kwenye shimo. Nikatoa ufunguo wa nyumba. Mguu wa kushoto wa uma ulilia vizuri. Wa kulia ukatoa sauti kama unagonga mti uliolowa. Wakati ule nilikuwa nasikia ufa mwembamba kuliko unywele. Niliusikia. Nikagonga tena, nikausikia tena.

Nikamwambia: Uko mzima. Nenda.

Nimejidanganya kwa miaka yote kwamba nilidhani utapinda kidogo kidogo, atashuka, nitapewa nafasi yake. Upuuzi. Mkaguzi anajua uma unavyovunjika. Haupindi. Unakatika ghafla, na unakatika kwenye mteremko. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale chini, na chupa zangu.

Nikambeba, ndiyo. Reli wakanipa barua ya sifa. Ipo ukutani hapa, ndani ya kioo, mkabala na kitanda. Kila asubuhi nikifungua macho ndiyo ya kwanza kunisalimia.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwomba binti yangu asimame nyuma yangu, agonge glasi kwa kijiko, mimi nihesabu. Nikangoja. Nikangoja sana. Anza basi, nikamwambia.

Akazunguka akaja mbele yangu, kijiko mkononi. Alikuwa ameshagonga mara kumi.

— Tangu lini, Baba?
— Usimwambie mtu.
— Baba. Ile baiskeli!

Si mjinga, binti yangu. Nilimkaripia. Mimi, ambaye sina pumzi ya kuzima mshumaa, nilimkaripia. Akaenda jikoni, nadhani akapigapiga sufuria kwa hasira. Niliona tu mlango ukitikisika.

Jioni Chiriku alipiga simu ya video. Mdomo wake umejaa skrini nzima. Ameshuka mlima kwa kilomita sabini na nne kwa saa! Inaruka, Babu! Kuna kamlio kadogo tu akisimama kwenye pedali, tik, tik. Muuzaji anasema ni bomba la kiti, likazwe.

— Ingekuwa mtu mwingine kaikagua ningeogopa. Lakini uliipitisha wewe.

Nikatikisa kichwa. Nikatabasamu.

Jumanne, 18 Machi

Siku tatu za mtungi wa hewa. Mkono hautii.

Mdogo wangu alikuja. Nilijifanya nimelala. Alimenya chungwa, akalipanga kwenye sahani, pande kwa pande, akalifunika kwa kitambaa. Akanivutia shuka mabegani. Akaondoka akichechemea — hilo nalisikia bado, linapita kwenye sakafu na kupanda kwenye kitanda.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimwambia binti yangu: waite wote wawili. Na baiskeli ije.

Wamefika saa nne. Baiskeli imeegemezwa kwenye kabati, safi, nzuri mno kwa chumba cha mgonjwa. Sikuzungusha maneno. Nimemwambia Chiriku masikio yangu yamekufa, dukani sikusikia kitu, nilisema uongo.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

— Ulisema inaimba, Babu.
— Nilisema.
— Nimeshuka nayo mlima mara tisa.

Mara tisa. Halafu akanyamaza, Chiriku mzima, na kimya chake ndicho kitu pekee nilichokisikia vizuri mwaka huu.

Binti yangu akasema ipelekwe kwa mtaalamu mmoja mwenye mashine ya kupima kaboni. Alishapiga simu, nafasi ni mwezi ujao. Mchujo ni Jumapili hii. Chiriku akasema hapandi kitu asichokijua. Miaka miwili ya kuamka alfajiri, na mimi nimeikalia.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kiti chake. Nilitegemea anilaani. Yeye akajivuta mbele, mguu ukiburuta.

— Si neno, Kaka. Masikio tunayo mengine. Mimi hata panya akikohoa namsikia. Wewe gonga, mimi nisikilize. Nifundishe tu nisikilize nini.

Binti yangu akanipa sarafu. Chiriku akaileta baiskeli hadi kitandani, akaigeuza, mkwaruzo ukaja mbele yangu. Mdogo wangu akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia bomba. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nikamwambia: mlio mkali, mfupi, ndio uzima.

— Na ikiwa na ufa?
— Kama unagonga mti uliolowa.
— Hiyo ya vitabuni, au uliisikia mwenyewe?
— Niliisikia.
— Kwenye mabehewa?

Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, ndiyo, nami ningepita. Ameniachia milango ya namna hiyo maisha yake yote bila kujua.

— Hapana, nikasema. Kwenye uma wa baiskeli.

Ameinua kichwa.

— Ya nani, Kaka?

Nimemwomba anipe dakika moja, niandike kwanza. Amesema andika tu, Kaka, hatuna haraka. Anafikiri ni saa ya dawa. Chiriku ameshika usukani. Binti yangu ameiangalia barua ya ukutani, kisha mimi, kisha barua tena. Sarafu iko kwenye kiganja changu cha kushoto, imepata joto. Mdogo wangu amehamisha mguu wake kwa mikono miwili, kama anavyofanya akitaka kukaa kwa muda mrefu, na sasa wote watatu wanaiangalia kalamu